KILOMITA 21 KWA MARA YA KWANZA: SOMO LA VIKUNDI

Lengo la somo: Baada ya somo hili, kila mwanachama aweze kueleza jinsi mtu ambaye hajawahi kukimbia anavyoweza kujitayarisha kwa wiki 16, akamaliza mbio za nusu marathoni na kurudi nyumbani mzima.

Vifaa: daftari, saa moja ya mkononi au simu, chokaa au mawe ya kuwekea alama barabarani.



Siku hizi mialiko ya mbio za hisani imekuwa mingi. Shule inataka tangi la maji, zahanati inataka kitanda cha kujifungulia, basi mtu anajitolea kukimbia na majirani wanaahidi shilingi kadhaa kwa kila kilomita atakayoimaliza. Hapa Kenya jambo hili si geni. Mbio za Lewa, zinazokimbiwa ndani ya hifadhi ya wanyama, zilianza mwaka wa 2000 ili kuchangia uhifadhi pamoja na shule na afya ya jamii. Mbio za Nairobi za Standard Chartered zilianza mwaka wa 2003, na kwa miaka mingi pesa zake zilisaidia kutibu macho ya watoto. Huko kote, wengi wanaokimbia si mabingwa. Ni walimu, wakulima, makarani na mama wa nyumbani.

Shida ni hii. Yule aliyejitolea mara nyingi huanza mazoezi wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Anakimbia kwa ari, watu wanampigia makofi, halafu anarudi nyumbani akichechemea. Jembe linakaa ukutani mwezi mzima wakati wa palizi. Kikundi kilichotaka kumsaidia jirani sasa kinachanga pesa za kumpeleka mwanachama wake eksirei. Hiyo si faida, ni hasara kwa nyumba na kwa kikundi.

Somo hili limeandikwa ili tuizuie hasara hiyo.

1. JE, MTU WA KAWAIDA ANAWEZA?

Ndiyo, anaweza. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, yaani nusu kamili ya marathoni ya kilomita 42 na mita 195. Bingwa huimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Lakini wewe hushindani na bingwa. Ukienda mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ambao ni mbio za pole pole sana, utamaliza kwa saa mbili na dakika 38 hivi. Ukienda kilomita 7 kwa saa, ukichanganya mbio na kutembea, utatumia kama saa tatu. Hakuna aibu yoyote hapo. Waulize tu waandalizi mapema mwisho wao wa muda ni saa ngapi, usije ukakuta wamekwisha kufunga barabara.

Wengine husema, "Mimi nalima tangu asubuhi hadi saa sita, kilomita 21 zitanishindaje?" Ni kweli kwamba kazi ya shamba hujenga mwili. Hata hivyo nguvu za jembe si sawa na nguvu za mbio. Unapokimbia, kila mguu unapotua hupokea uzito wa mwili wako mara mbili au hata mara tatu. Na katika kilomita 21 mkimbiaji wa pole pole atapiga hatua zaidi ya 20,000. Mgongo na mikono ya mkulima ni imara, lakini miguu yake haijapata kugongwa hivyo. Ni lazima ifundishwe.

2. JAMBO LA KUSHIKA KULIKO YOTE

Kama utasahau mengine yote katika somo hili, shika hili moja: pumzi huja upesi, mifupa na kano huja polepole.

Kano ni ile mishipa migumu inayounganisha misuli na mifupa, kama ule mnene ulio juu ya kisigino. Mtu akianza mazoezi, baada ya wiki tatu au nne huona tofauti. Mlima uliomfanya ahemee sasa anaupanda akiongea. Anafurahi na kusema, "Nimekwisha kuwa tayari," kisha anaongeza kilomita mara dufu. Kumbe mifupa na kano zake bado zinajengwa, na kazi hiyo huchukua miezi. Ndiyo maana watu wengi huumia wakati ule ule wanapojisikia wazima kabisa.

Nyinyi wa vikundi vya akiba mtalielewa jambo hili haraka. Mwanachama mpya akiweka shilingi 100 kila wiki, hamumpi mkopo wa shilingi 20,000 mwezi wa pili hata akiwa mtu mwenye bidii. Mnangoja akiba yake ikue. Mwili nao ni vivyo hivyo. Usikope kilomita ambazo hujaziwekea akiba.

3. NANI AENDE ZAHANATI KWANZA?

Kabla ya wiki ya kwanza, hawa wafuatao waende wakapimwe na kushauriwa:

(a) Mwenye miaka zaidi ya 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu.
(b) Mwenye shinikizo la damu, sukari, pumu, ugonjwa wa moyo au ugonjwa wa selimundu.
(c) Aliyewahi kuzirai au kuumwa kifua akifanya kazi nzito, au ambaye ndugu yake wa karibu alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana.
(d) Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni.

Kupimwa huku si kwa kuwazuia watu. Wengi wataambiwa waendelee, maana mazoezi ya kiasi husaidia presha na sukari. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Anayetumia dawa za kila siku, ziwe za presha, za sukari au za kupunguza makali ya virusi, asiache hata siku moja kwa sababu ya mbio.

4. MPANGO WA WIKI 16

Mpango huu ni wa mtu anayeweza kutembea kilomita 5 bila shida. Asiyeweza, atembee kwanza kwa mwezi mmoja.

Siku za mazoezi ni tatu kwa wiki: mbili fupi na moja ndefu. Mfano: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku zilizobaki ni za kazi nyingine, na angalau siku moja iwe ya kupumzika kweli kweli.

Siku fupi. Wiki ya 1 hadi ya 4, kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, kwa nusu saa. Wiki ya 5 hadi ya 8, kimbia dakika tatu, tembea moja. Kuanzia wiki ya 9, kimbia dakika 30 hadi 40 kwa mfululizo, na ukichoka tembea kidogo. Kutembea si kushindwa. Ni sehemu ya mpango.

Siku ndefu. Hapa ndipo tunapoweka akiba yetu. Kilomita ni hizi:

Wiki ya 1: 4. Wiki ya 2: 5. Wiki ya 3: 6. Wiki ya 4: 5.
Wiki ya 5: 7. Wiki ya 6: 8. Wiki ya 7: 10. Wiki ya 8: 7.
Wiki ya 9: 11. Wiki ya 10: 13. Wiki ya 11: 14. Wiki ya 12: 10.
Wiki ya 13: 16. Wiki ya 14: 18. Wiki ya 15: 11.
Wiki ya 16: siku ya mbio, 21.

Angalieni wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Kilomita zinapungua. Wengi huziruka wiki hizo kwa kudhani ni za wavivu. Hapana. Ni wiki ambazo mwili unajenga kile ulichouchosha, kama shamba linalopumzishwa. Angalieni pia kwamba hatufiki 21 kabla ya siku yenyewe. Anayemaliza 18 bila maumivu ataweza zile tatu za mwisho.

Ukiugua ukakosa wiki moja, usiifidie kwa kukimbia mara mbili. Rudia wiki uliyoikosa. Ukikosa wiki tatu au zaidi, afadhali uhamie mbio nyingine za baadaye.

Mwendo upi? Kipimo ni mdomo wako. Ukiwa unakimbia, uweze kusema sala ya Baba Yetu kwa sauti bila kukatika katikati ya sentensi. Ukikatika, umeenda mbio mno, punguza. Karibu mazoezi yote ya wiki hizi 16 yawe ya mwendo huo.

Mtapimaje kilomita? Mwombeni mtu wa bodaboda ambaye mita ya pikipiki yake inafanya kazi. Apite njia yenu polepole, na kwa kila kilomita wekeni jiwe lenye chokaa. Mtumie njia ya udongo iliyo sawa kadiri iwezekanavyo, kwa maana lami ni ngumu kwa miguu.

5. MBIO NA KALENDA YA SHAMBA

Kabla ya kujiandikisha, hesabuni wiki 16 kurudi nyuma kutoka siku ya mbio, kisha mwangalie kalenda ya shamba. Mbio za mwisho wa Juni zitawapa mazoezi Machi hadi Juni, wakati wa mvua ndefu, kupanda na kupalilia. Mbio za Oktoba zitawapa Julai hadi Oktoba, ambapo sehemu nyingi kazi ni za kuvuna. Kila kikundi kijue msimu wake.

Siku uliyolima kutwa au kubeba maji mbali, usifanye siku ndefu. Kazi hiyo ni mazoezi tayari. Tena waume na watoto wakubwa wasaidie. Mama akiamka saa kumi kukamua, apike uji, akimbie, kisha arudi ateke maji na kufua peke yake, hatafika wiki ya 16. Jambo hili kikundi kilizungumze waziwazi na familia kabla ya mazoezi kuanza, si baada ya ugomvi.

6. VIATU, NGUO NA USALAMA

Viatu vya mitumba vinafaa ukivichagua vizuri. Vitie mkono ndani uone kama soli imekatika. Viweke mezani utazame kutoka nyuma: kama vimelalia upande mmoja, viache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha. Kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vya mguu, maana miguu huvimba. Usivae viatu vipya siku ya mbio. Na wewe uliyezoea kwenda pekupeku, usivue viatu ghafla ukakimbia kilomita kumi kwa sababu umeona watoto wa shule wakikimbia hivyo.

Nguo ziwe nyepesi na kavu. Kina mama wavae sidiria inayobana vizuri. Anayependa kujisitiri anaweza kuvaa suruali ya mazoezi chini ya sketi pana, mguu haujali. Paka mafuta mazito ya kujipaka kwapani na mapajani kuzuia michubuko.

Msikimbie mmoja mmoja gizani. Nendeni wawili au watatu, hasa kina mama na wasichana, na nyumbani wajue njia mliyopita. Barabarani kimbieni upande wa kulia, ili gari linalokuja karibu nanyi mlione usoni.

7. CHAKULA NA MAJI

Huhitaji chakula cha dukani. Ugali, githeri, viazi vitamu, ndizi, uji wa wimbi, maharagwe, mayai, omena na mboga za majani vinatosha. Anayekimbia na kulima ale zaidi kidogo kuliko zamani. Kukimbia kwa njaa ili kupungua upesi ni kujitafutia maradhi.

Kina mama waangalie upungufu wa damu. Uchovu usioisha, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ovyo ni dalili za kwenda kupimwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kutoka kwenye mboga na maharagwe. Ngoja kama saa moja baada ya kula, ndipo unywe chai yako.

Maji: kunywa unapohisi kiu. Kuna watu wanaodhani kadiri unavyokunywa ndivyo unavyokuwa salama. Si kweli. Maji mengi kupita kiasi wakati wa mbio ndefu huzimua chumvi ya damu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kutapika, hata kufa. Kunywa kidogo kidogo kwenye vituo, basi.

8. MAUMIVU: YAPI YA KUVUMILIA, YAPI YA KUSIMAMA?

Misuli kuuma pande zote mbili siku moja au mbili baada ya mazoezi ni kawaida. Tembea, endelea polepole.

Simama na upumzike siku kadhaa ikiwa maumivu ni ya upande mmoja, yanazidi unavyoendelea kukimbia, au yanakufanya uchechemee. Ukiweza kuweka kidole mahali pamoja kwenye mfupa wa mguu na kusema "ni hapa," na pakiuma hata usiku, nenda ukatazamwe. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Simama mara moja na utafute msaada ukipata maumivu ya kifua, ukizirai, au ukikosa pumzi kupita kawaida.

Ukiwa na homa, usikimbie. Iwe malaria au mafua makali, maliza matibabu kwanza, kwa maana homa na mbio pamoja vinaweza kuudhuru moyo.

Na tafadhali, msimeze vidonge vya maumivu kama brufen au diclofenac ili mmalize mbio. Mwili uliopungukiwa na maji pamoja na dawa hizo ni hatari kwa figo. Tena dawa hunyamazisha maumivu yaliyokuwa yanakuonya.

9. SIKU YA MBIO

Wiki ya mwisho pumzika. Kimbia mara mbili tu, dakika 20 kila mara. Usiku wa kuamkia mbio kula chakula ulichozoea, lakini punguza maharagwe, maana yatakusumbua tumboni. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, kunywa uji au chai na mkate.

Simama nyuma ya umati. Filimbi ikilia, watu watachomoka kama ndama waliofunguliwa zizini. Waache waende. Kilomita 5 za kwanza zikimbie kwa mwendo wa Baba Yetu, hata ukihisi una nguvu za kufukuza gari. Tembea kwenye kila kituo cha maji. Ukifika kilomita ya 15 bado una nguvu, hapo ongeza kidogo.

Ukimaliza usikae chini mara moja. Tembea dakika kumi, vaa nguo kavu, kula. Kazi nzito za shamba ziahirishe siku tatu au nne.

10. KAZI YA KIKUNDI

Katibu aandike kila wiki nani amefanya mazoezi na nani ana maumivu. Mweka hazina aweke ahadi na michango ya mbio katika daftari la peke yake, isichanganywe na akiba ya kikundi, na asome hesabu mbele ya wote. Wasiokimbia nao wana kazi: kulea watoto Jumamosi asubuhi, kubeba maji, kukusanya ahadi. Kwa njia hiyo kilomita 21 zinakuwa za kikundi kizima.

Na kubalianeni tangu mwanzo jambo hili: mkimbiaji akiumia wiki ya 10, ana ruhusa ya kuacha bila kuchekwa na bila kudaiwa. Wengi hukimbia na mguu mbovu kwa kuogopa maneno ya watu. Wenye kuahidi waulizwe mapema kama ahadi yao itasimama hata mwingine akimbie badala yake, ikiwa waandalizi wanaruhusu.

MASWALI YA MJADALA

1. Kwa nini mtu anaweza kuumia wakati anapojisikia na nguvu zaidi?
2. Katika kikundi chetu, nani anahitaji kwenda zahanati kabla ya kuanza?
3. Ni wiki gani 16 zinazofaa kulingana na mashamba yetu?
4. Ni kazi gani za nyumbani zitakazogawanywa upya ili kina mama wapate nafasi?
5. Someni 1 Wakorintho 9:24-27. Mtume Paulo aliwaandikia watu wa Korintho, mji uliokuwa karibu na uwanja wa michezo mashuhuri ya Isthmia, kwa hivyo walijua mbio. Anamsifu mwanamichezo kwa kujizuia. Je, katika mpango huu wa wiki 16, ni wapi tunapohitaji kujizuia?

Swali la mwisho lisiharakishwe. Wengi watajibu kwamba kujizuia ni kuacha pombe na sigara, nao watakuwa wamesema kweli. Lakini mwezeshaji awaongoze mbele zaidi. Kwa mkimbiaji mpya, kujizuia kugumu zaidi ni kule kwa wiki ya 8, asubuhi njema, pumzi imekuja, miguu ni myepesi, mpango unasema kilomita 7 na moyo unasema 14. Atakayekimbia 7 na kurudi nyumbani siku hiyo ndiye tutakayemwona kwenye mstari wa kumalizia, na Jumatatu inayofuata tutamwona pia kwenye mkutano wa kikundi, akitembea kwa miguu yake miwili.

Mungu awabariki katika mazoezi yenu.